Sauti Isiyo na Shahidi wa Pili

Mtu akikohoa, nyumba nzima inasikia. Akishikwa na homa, mama huweka kiganja kwenye paji lake na kujua. Lakini yule anayesikia mluzi ndani ya kichwa chake usiku kucha hana wa kumshuhudia. Mke aliyelala ubavuni mwake hausikii. Daktari akichungulia sikioni kwa tochi yake, mara nyingi haoni kidonda wala usaha. Mgonjwa anabaki na neno lake mwenyewe, na neno la mtu mmoja, kama tujuavyo tuliowahi kukaa kwenye baraza la chifu, ni rahisi kutiliwa shaka.

Madaktari huliita tatizo hili tinitasi. Kwetu Kitui, na ng'ambo ya Mto Athi kwa ndugu zetu wa Makueni, watu husema tu kwamba masikio yanalia, na wapo wanaoongeza kwamba ukisikia hivyo ujue kuna anayekutaja mahali. Mwaka 2022 watafiti waliokusanya matokeo ya tafiti nyingi za nchi mbalimbali walikadiria kwamba watu zaidi ya milioni 740 duniani wana mvumo huu, na kwamba zaidi ya milioni 120 kati yao unawatesa kweli. Tafiti zilizotoka Afrika zilikuwa chache mno. Masikio yetu yanalia kama ya wengine. Ila ni nadra mtu kuulizwa.

Mimi nimefunguliwa macho na mjomba wangu, kaka wa mama, ambaye alikuwa na poshomili tangu nikiwa mtoto, katika soko moja dogo kando ya barabara ya Kibwezi–Mutomo–Kitui, enzi hizo ikiwa bado vumbi tupu. Kibanda chenyewe ni cha mabati pande zote. Ndani kulikuwa na injini ya dizeli, mkanda mrefu unaozungusha kinu, na nyundo za chuma zinazoponda mahindi na mtama mpaka upite kwenye chekeche. Pembeni kuna mashine ya kukoboa mahindi ya muthokoi, nayo ina ukali wake. Kila sauti ikigonga bati inarudi ndani. Mashine ikinguruma, hakuna aliyejaribu kuzungumza na mjomba. Mama aliyeleta nafaka alimwonyesha kwa vidole idadi ya gorogoro alizobeba, naye akamjibu bei kwa vidole. Wataalamu wa kelele wana kanuni nyepesi: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, basi huenda mahali hapo pamefikia desibeli 85 au pamepita. Mjomba alifanya kazi ndani ya kelele hiyo tangu ujana wake.

Mluzi ulimjia taratibu. Kwanza ulikuwa wa jioni tu, baada ya kuzima injini, na asubuhi ulikuwa umekwisha. Baadaye ukawa haukwishi. Alipowaeleza watu, mmoja alimwambia ni uzee, mwingine akamwambia apunguze mawazo, na wa tatu akataka aombewe. Kila mmoja alimpenda na kila mmoja alimjibu kabla hajamaliza kueleza. Ndipo mwanawe mkubwa na mimi tukamsindikiza Nairobi kwa mtaalamu wa kupima usikivu.

Kipimo nilichokiona siku ile sitakisahau. Mjomba aliketishwa ndani ya chumba kidogo chenye mlango mzito, kuta zake zimefunikwa sponji, akavishwa vipokea sauti masikioni. Sisi tulikaa nje ya kidirisha. Baada ya kipimo cha kawaida cha usikivu, yule mtaalamu, binti mdogo kwa umri lakini mtulivu sana, alimwambia kupitia kipaza sauti: “Mzee, sasa nitakuchezea sauti mbili, moja baada ya nyingine. Uniambie ipi inafanana na ile yako. Hii, au hii?”

Mjomba alifumba macho. “Ya pili. Lakini yangu ni nyembamba zaidi.”

Akapandishiwa. Akapandishiwa tena. “Sasa umepita.” Akateremshiwa kidogo. Walipokubaliana kwamba ni karibu hezi 6,000, binti hakuridhika. Alimpa sauti ya hezi 3,000, kisha ya 12,000, kwa sababu sikio la binadamu huchanganya kwa urahisi sauti na ile iliyo mara mbili yake. Mjomba alizikataa zote mbili na kurudi kwenye ileile. Halafu ukafuata ukubwa. Sauti ilianzishwa chini kabisa, mahali ambapo mjomba alianza tu kuihisi, ikaongezwa desibeli moja moja mpaka aliposema, “Hapo. Hapo ndipo ilipo.”

Zilikuwa desibeli 7 juu ya kiwango chake cha kuanza kusikia sauti ya aina ile.

“Saba tu?” binamu yangu aliuliza, na sauti yake ilikuwa na kitu nilichokitambua, kwa sababu nami nilikihisi. Tulitarajia nambari kubwa. Mtu asiyelala, aliyekonda, aliyeacha kwenda kanisani kwa sababu spika zinamchoma, tulitaka karatasi ionyeshe kitu kinachofanana na mateso yake. Mjomba alipotoka chumbani na kuelezwa, alimtazama mwanawe akasema, “Hiyo saba yenu, ije ilale kwako usiku mmoja.”

Wahenga walishasema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sayansi ya masikio imechukua miaka mingi kufika palepale kwa njia ndefu. Miaka ya 1940, huko New York, daktari Edmund Fowler alianza kulinganisha mvumo wa wagonjwa wake na sauti za mashine. Alikuta watu wanaosema kwamba wanasikia ngurumo kubwa wakichagua sauti iliyozidi kidogo tu kiwango chao cha kusikia. Yeye aliona kwamba ukubwa huo ni kama njozi. Wengine waliomfuata walipima tena na tena, nambari zikabaki ndogo, na kitu kingine kikajitokeza: ukubwa unaopimwa haukwambii kwa uhakika ni nani anayeteseka. Watu wawili wenye desibeli zilezile, mmoja anapalilia ndengu zake na kuusahau mvumo hadi jioni, mwenziwe anafikiria kujiua. Sehemu ya sababu ni kwamba sikio lililoharibika hupanua sauti isivyo kawaida, kiasi kwamba nyongeza ndogo kwenye mashine ni nyongeza kubwa kwa mwenye sikio. Lakini sehemu kubwa iko mbali na sikio, kwenye usingizi, hofu, upweke, na namna watu wa nyumbani wanavyokupokea.

Kwa hiyo watafiti walilazimika kufanya jambo ambalo mashine haiwezi. Walimuuliza mtu. Mwaka 1996 Craig Newman, Gary Jacobson na Jaclyn Spitzer walichapisha dodoso la maswali 25 kuhusu maisha ya mwenye mvumo: usingizi, hasira, kushindwa kumakinika, kukosana na jamaa, kukata tamaa. Jibu la ndiyo ni alama 4, mara nyingine ni 2, hapana ni sifuri, na jumla inakwenda hadi 100. Dodoso hilo limetafsiriwa katika lugha nyingi na mpaka leo linatumika kote duniani. Binti yule alimsomea mjomba maswali hayo kwa subira, akifafanua kila aliposita. Alipata 62. Karatasi moja ilisema 7, nyingine ikasema 62, na zote mbili zilikuwa za mtu yuleyule, asubuhi ileile. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia kwamba shida yake ni kubwa na mimi nikaiona ndogo, najua kwamba ninachoshika mkononi ni karatasi moja tu kati ya mbili.

Nisingependa msomaji afikiri kwamba wenye mvumo ni watu wa aina ya peke yao. Mwaka 1953 Morris Heller na Moe Bergman waliwaingiza watu 80 wenye usikivu mzuri, mmoja mmoja, ndani ya chumba kisichopenyeza sauti, wakawaomba waeleze wanachosikia. Asilimia 94 walisikia kitu: mlio, mvumo, mtambo wa mbali. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa tu wameondolewa zile sauti za kuku, upepo na majirani ambazo kwa kawaida hufunika mlio wa mwili wenyewe. Karibu kila mmoja wetu ana sauti hiyo. Kwa wengi haijapewa nafasi.

Inatoka wapi basi? Ndani kabisa ya sikio kuna koklea, na ndani yake kuna seli zenye vinyweleo, takriban 15,000 kwa kila sikio. Hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko wa hewa kuwa ujumbe wa umeme kwa ubongo. Kwa binadamu zikifa hazioti tena. Kelele huzichosha, kisha huziua, ikianzia zile za sauti nyembamba, na ndiyo sababu mjomba alipoteza milio ya ndege na herufi za “s” na “f” kabla hajaanza kusumbuka na sauti nzito za wanaume.

Kilichonishangaza zaidi ni ugunduzi wa mwaka 2009. Huko Boston, Sharon Kujawa na Charles Liberman waliwaweka panya kwenye kelele kubwa kwa saa mbili. Usikivu wao ulishuka, kisha baada ya siku kadhaa ukarudi sawasawa, seli zote za vinyweleo zikiwa hai. Kwa kipimo chochote cha kawaida, panya wale walikuwa wamepona. Lakini watafiti walipochunguza viungio vinavyoziunganisha seli hizo na neva ya kusikia, walikuta karibu nusu yake vimekatika katika sehemu ya sauti nyembamba, na havikurudi. Sisi watu wa mito ya mchanga hatupaswi kupata tabu kuelewa jambo hilo. Mgeni akipita juu ya Tiva au Thwake mwezi wa Septemba anaona mchanga mkavu na kuandika kwamba hakuna maji, ilhali akina mama wa hapo wanajua wachimbe wapi. Na tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL limejenga mabwawa ya mchanga mengi Kitui kwa kuamini kile kisichoonekana juu. Odiogramu, ile chati ya usikivu ambayo mgonjwa hupewa, inasoma juu ya mchanga. Mwaka 2023 watafiti wa hukohuko Boston walitoa ushahidi kwamba watu wenye mvumo ambao odiogramu zao ni za kawaida kabisa wana dalili za kupungukiwa na neva ya kusikia. Ni wangapi walioambiwa “masikio yako ni mazima, nenda nyumbani,” wakarudi na aibu juu ya mateso?

Hapa nataka kusema juu ya sheria, kwa sababu nina uchungu nayo. Kenya ina kanuni za kuzuia kelele kazini za mwaka 2005, zinazokataza mfanyakazi kukaa kwenye kelele ya wastani wa zaidi ya desibeli 90 kwa saa nane katika siku. Wataalamu wengi duniani wanaona 90 ni nyingi mno. Wanashauri 85 kwa saa nane, na kwamba kila zikiongezeka desibeli 3 muda ukatwe nusu: 88 kwa saa nne, 91 kwa saa mbili, 94 kwa saa moja. Kwa hesabu hiyo, siku moja ya soko kwenye poshomili ya mabati inaweza kutosha kumaliza haki ya sikio kwa wiki nzima. Na hata hiyo 90 inamlinda nani? Mkaguzi anaweza kufika kiwandani. Kule kwenye kibanda cha soko, kwa akina mama wanaopasua kokoto kwa nyundo chini ya jua, kwa vijana wa kuchoma vyuma katika miji ya Wote na Mwingi, kwa kondakta wa matatu aliyesimama kando ya spika kutoka asubuhi, sijaona mtu akipita na kipimo cha kelele. Wao ndio wengi. Sikio la mtu aliyejiajiri linastahili ulinzi uleule wa sikio la mwenye mkataba.

Turudi kwenye ubongo, maana huko ndiko mambo yanakogeuka. Kwa muda mrefu watu walidhani sauti inatoka sikioni, hivyo ukikata waya utaizima. Madaktari waliokuwa wakiondoa uvimbe kwenye neva ya kusikia walipata nafasi ya kuona ukweli. William House na Derald Brackmann walipokusanya habari za wagonjwa wao mwaka 1981, walikuta kwamba kwa wengi mvumo uliendelea hata baada ya upasuaji huo, na wengine ukawazidia. Sikio lilikuwa limekwisha kutengwa na ubongo, sauti ikabaki. Mwaka 2012 Roland Schaette na wenzake wa Uingereza walifanya jaribio jepesi zaidi. Waliwaomba watu 18 wenye usikivu mzuri waishi na kizibo katika sikio moja kwa siku saba. Watu 14 kati yao walianza kusikia sauti zisizokuwapo, na vizibo vilipotolewa sauti zikaisha.

Maelezo ambayo watafiti wengi wanayapa uzito ni kwamba ubongo ukinyimwa habari kutoka sehemu fulani ya sikio, huongeza nguvu ya kusikiliza upande huo, na katika kuongeza huko huanza kusikia msisimko wake wenyewe. Ubongo wa mjomba haujaharibika wala haumdanganyi. Unamtafutia ndege aliowapoteza. Nilipomweleza hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi unanifanyia kazi.” Sijui kama ni tiba, lakini najua kwamba baada ya hapo aliacha kuuita mluzi huo adui. Jambo hilo limenisaidia hata mimi nisiyekuwa na mvumo, kwa ajili ya wale niliowazika. Zipo nyakati ambapo ninasikia mlango ukifunguliwa kwa namna ya marehemu baba, na sasa siogopi.

Kelele si chanzo pekee. Mama mdogo wangu, upande wa Makueni, alipata kifua kikuu akiwa msichana. Wakati huo tiba yake ilikuwa na sindano za streptomycin, na alitembea kwenda zahanati kila siku kuchomwa. Dawa hiyo ni ya jamii inayoweza kuua zile seli za vinyweleo na seli za mizani ya mwili zilizo jirani yake. Kifua kilipona. Alibaki akishika ukuta usiku anapoenda msalani, na mvumo ambao haujawahi kuondoka. Afrika Mashariki ina sehemu yake kubwa katika historia ya tiba hiyo. Ni katika hospitali zetu, kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ndiko ilikothibitishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa miezi sita badala ya mwaka mmoja na nusu, na streptomycin ilikuwamo. Mamilioni ya watu wa mataifa mengine walio hai leo wanadaiwa shukrani na wagonjwa wa hapa waliokubali kuchomwa sindano hizo. Tiba ya kifua kikuu cha kawaida siku hizi ni vidonge, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kanamycin, ndugu yake streptomycin aliye mkali zaidi kwa usikivu, isitumike tena kwa kifua kikuu sugu. Nilimuuliza mama mdogo kama anajutia sindano zile. “Mwanangu, masikio yanalia na mimi nipo,” alisema. “Wenzangu wawili wa zahanatini hawakupata hata ya kulia.” Lakini aliongeza kwamba angependa mtu angemwambia mapema, kwa sababu alikaa miaka mingi akiamini kwamba amerogwa.

Kwinini nayo, dawa chungu ya malaria ambayo Kibwezi na Tseikuru wanaijua vizuri, huleta mvumo unaoisha dawa ikitoka mwilini, na aspirini kwa kipimo kikubwa hufanya vivyo hivyo. Ni kwa dawa ya jamii ya aspirini ndipo Pawel Jastreboff na wenzake, mwaka 1988, walipoonyesha kwamba hata mnyama anaweza kuulizwa kama masikio yake yanalia. Walichukua panya wenye kiu, wakawafundisha kwamba kelele ya chumbani ikikatika ghafla, umeme mdogo unakuja. Panya wakajifunza kuacha kunywa maji kila kimya kilipoingia. Kisha wakawapa dawa. Wale waliopewa dawa waliendelea kunywa katikati ya kimya, kwa sababu kwao kimya hakikuwapo tena. Ninapolifikiria jaribio lile, naona werevu na naona heshima pia. Watu walikaa chini wakatafuta lugha ya panya ili waamini anachosikia. Mama mdogo, mwenye kinywa na lugha mbili, hakutafutiwa.

Bado utafutaji wa ushahidi wa nje unaendelea. Mwaka 2025 kundi la Daniel Polley, Boston tena, lilieleza kwamba kwa watu wenye mvumo mkali mboni za macho hupanuka kupita kiasi kwa sauti yoyote, nzuri au mbaya, huku uso ukikaa mgumu, haukunji wala hautabasamu inavyotarajiwa. Yaani mwili umekaa macho muda wote kana kwamba hatari iko mlangoni. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka susu, yaani nyanya yangu, aliyekuwa akimtazama mtu usoni kwa muda mrefu kabla ya kumuuliza habari za nyumbani. Naifurahia kazi ya Polley kwa moyo wote, maana itasaidia kupima tiba bila kubahatisha. Natumaini tu kwamba siku ambapo kamera itaweza kusoma mateso usoni, hatutamwambia aliyefaulu mtihani wa kamera kwamba hana lolote.

Tiba ya kuufuta mvumo kabisa haijapatikana. Yapo yanayosaidia. Kama sikio limezibwa na nta, ikitolewa hospitalini, si kwa njiti ya kiberiti, sauti yaweza kuisha. Kifaa cha usikivu kinaupa ubongo kile unachokitafuta. Tiba ya mazungumzo inayomfunza mtu kubadilisha namna anavyouwaza na kuupokea mvumo ndiyo yenye ushahidi ulio imara zaidi. Haipunguzi desibeli, inapunguza mateso. Na ukiwa na mvumo wa sikio moja tu, au unaodunda pamoja na moyo, au ulioandamana na usikivu kupotea ghafla, usisubiri hata wiki, nenda hospitali. Mjomba hulala na redio ikisema polepole kando ya mto wake, Musyi FM mara nyingi, sauti ikiwa chini kuliko ambavyo wewe ungependa. Mke wake alilalamika mwanzoni. Sasa ndiye anayekumbuka kununua betri.

Tangu mwaka 2023 serikali ina wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wanaozunguka nyumba kwa nyumba, hata kule Ikutha na Nzaui, wakipima shinikizo la damu na sukari. Ninachowaombea waongezewe hakihitaji mashine wala betri: swali moja la kama masikio yako yanalia, na la pili la kama yanakunyima usingizi. Jibu liandikwe kama lilivyotolewa.

Mjomba amemwachia mwanawe poshomili, kwa masharti. Injini imehamishiwa nyuma ya ukuta wa matofali. Kijana wa kusaga hubadilishwa saa sita. Kuna vifuniko vya masikio viwili vinavyoning'inia kwenye msumari mlangoni, na mashine haiwashwi msumari ukiwa bado umevibeba. Binamu yangu alilalamikia bei yake, mjomba akamwuliza mkanda wa kinu alinunua kwa kiasi gani na umedumu miezi mingapi. Watoto waliotumwa kusaga hawaruhusiwi tena kusubiri ndani. Wanakaa kwenye benchi chini ya mwarobaini, ng'ambo ya barabara ndogo, na zamu ya mtu ikifika anaitwa kwa mkono.